Kutembea Dartmoor bila kupotea: njia tatu za kuanzia

Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, ukishaiacha Mandara msitu unakatika, na kutoka hapo kuelekea Horombo unatembea kwenye nyasi ngumu na vichaka vifupi huku upepo ukikupiga utakavyo. Ichukue nchi ile, ishushe hadi mita 400 au 500 juu ya usawa wa bahari, inyweshee mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kisha itawanyie mawe yaliyosimamishwa na watu miaka kama 4,000 iliyopita. Hiyo ndiyo Dartmoor, katika jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza.

Ni hifadhi ya taifa tangu 1951, ina kilomita za mraba 954, na kilele chake kirefu kuliko vyote, High Willhays, kina mita 621 tu. Hiyo "tu" ndiyo inayowaponza watu. Mtu aliyekua akisikia habari za Kibo na Batian anaiona namba hiyo, anacheka, anavaa raba na jinzi, anaingia nyikani. Saa mbili baadaye ukungu umeshuka, haoni mita 20 mbele yake, na kila anapokanyaga ni tope.

Tangu nihamie Uingereza nimepeleka huko ndugu na marafiki wengi, na kila mgeni nampa kanuni moja: usitembee bila mshiko. Mshiko, kwa lugha yangu, ni kitu kirefu kilicho ardhini ambacho unaweza kukifuata hata macho yakikosa kazi: mto, tuta la reli ya zamani, ukuta wa mawe, mfereji. Njia tatu nilizozichagua hapa kila moja ina wake.

Kabla ya kutoka nyumbani

*Nunua ramani ya karatasi.* Ni Ordnance Survey Explorer OL28, ya kipimo cha 1:25,000, yaani sentimita 4 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Simu ibebe, lakini mtandao hukatika mabondeni na baridi hula betri. Kaa na ramani hiyo mezani jioni moja. Utaona maneno yaliyoandikwa kwa herufi za kizamani zenye mapindo. Hayo ndiyo mabaki ya kale. Hut Circle ni msingi wa nyumba ya mviringo, Stone Row ni mstari wa mawe, Cairn ni chungu ya mawe, mara nyingi juu ya kaburi, na Cist ni sanduku la mawe walimozika mtu. Neno Tor utaliona kila mahali: ni rundo la miamba ya itale kileleni mwa kilima. Jamaa wa Mwanza hawahitaji maelezo zaidi, maana mawe yao yaliyopandana kando ya ziwa ni itale vilevile.

*Piga hesabu ya muda.* Mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatumika: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 unazopanda. Ukiwa na watoto, au na mtu anayepiga picha kila hatua tatu, ongeza nusu ya muda huo. Kisha linganisha na jua. Mwezi wa Juni jua huzama kama saa tatu na nusu usiku, una siku nzima ya kuchezea. Desemba linazama saa kumi na robo, hata alasiri haijakwisha vizuri.

*Angalia ratiba ya jeshi.* Sehemu kubwa ya kaskazini ya nyika ni uwanja wa mazoezi, wenye maeneo matatu ya kulengea shabaha kwa risasi za moto: Okehampton, Willsworthy na Merrivale. Ratiba hutolewa mapema kwenye tovuti ya serikali. Siku ya mazoezi bendera nyekundu hupandishwa vilimani, na usiku taa nyekundu; mpaka wenyewe umewekewa nguzo za rangi nyekundu na nyeupe. Njia zangu tatu ziko nje ya maeneo hayo, hata ile ya mawe ya Merrivale, lakini ukinogewa ukaamua kusonga kaskazini, mpaka huo ni wa kuheshimiwa. Na ukiona chuma chochote cha ajabu ardhini, kiache hapo kilipo.

*Nguo.* Jinzi haifai kabisa. Pamba ikilowa haikauki, na upepo wa pale huigeuza kuwa barafu mwilini. Vaa suruali nyepesi ya kukauka haraka, sweta ya sufu, koti la mvua la kweli (lile la kutokea stendi hadi ofisini halitoshi), na buti zinazofunika vifundo vya miguu. Kwenye begi weka soksi za akiba, tochi, filimbi, dira, pawabenki, themosi ya chai ya tangawizi na chakula kinachoshiba. Chapati zilizokunjwa na mayai hazijawahi kuniangusha. Tende nazo zikae mfukoni, si ndani ya begi, kwa sababu kwenye mvua hutafungua begi.

*Usafiri.* Treni ya abiria ya kutoka Exeter hadi Okehampton ilirudishwa Novemba 2021, lakini inakufikisha ukingo wa kaskazini tu, na njia hizi zipo katikati ambako mabasi ni machache. Ukodi gari au mchangiane petroli. Barabara za nyika zisizo na uzio zina kikomo cha maili 40 kwa saa, na kikomo chenyewe kina maana: kondoo hulala barabarani, na farasi wadogo huvuka bila kutazama upande wowote. Farasi hao wana wenyewe. Usiwalishe, maana wakizoea mikate ya wageni hukaa barabarani kuisubiri.

Huhitaji tiketi wala kibali cha kutembea. Sheria ya mwaka 1985 inampa kila mtu haki ya kwenda kwa miguu au kwa farasi kwenye malisho ya pamoja ya Dartmoor, na Mei 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba haki hiyo inajumuisha pia kulala porini kwa hema. Kwa mara ya kwanza, hata hivyo, ulale kitandani.

Njia ya kwanza: Two Bridges hadi Wistman's Wood (mshiko: mto)

Kilomita 4 kwenda na kurudi, au kama 7 ukizunguka kwa juu.

1. Egesha kwenye uwanja mdogo ulio ng'ambo ya barabara kutoka hoteli ya Two Bridges. Jumamosi hujaa mapema, kwa hiyo saa tatu asubuhi uwe umefika.

2. Pita kwenye lango ufuate njia ya magari inayopanda kaskazini hadi kwenye nyumba iitwayo Crockern. Mto West Dart uko chini kushoto kwako. Ukungu ukiingia wakati wowote, kuwa na mto kushoto ni kwenda na kuwa nao kulia ni kurudi. Mengine yote yanaweza kusahaulika.

3. Baada ya nyumba njia inakuwa ya miguu na mawe yanaongezeka. Kilomita 2 tangu ulipoanza utaona kitu kama kichaka cheusi mbavuni mwa bonde. Ukikaribia unakuta ni mialoni, mifupi na iliyopinda kama vidole vya bibi kizee, imeota katikati ya majabali, na kila tawi limevikwa kuvumwani na kangaga.

4. Usiingie ndani. Huu ni msitu uliohifadhiwa, na miguu ya wageni imekuwa ikichubua kuvumwani juu ya majabali. Tembea ukingoni, wa juu au wa chini. Picha nzuri zinapatikana hukohuko nje.

5. Hapa amua. Mawingu yakiwa yameshuka, rudi ulikotoka. Anga ikiwa wazi, panda mashariki hadi Longaford Tor, mita 507, kisha ufuate mgongo wa kilima kusini kupitia Littaford Tors hadi Crockern Tor. Juu ya miamba hiyo wachimba bati wa Devon walikuwa wakifanya bunge lao, kwenye upepo na mvua, jambo linalonifanya niamini kwamba hotuba zao zilikuwa fupi. Kutoka hapo unaliona gari lako.

Neno moja kuhusu mto. Maji ya Dart yana rangi ya chai ya rangi, kwa sababu yamechujwa na mboji, na wakati wa kiangazi yanaonekana ya kukanyagika tu. Wenyeji wana usemi kwamba Dart hudai moyo mmoja kila mwaka. Mboji ni kama sifongo: ikishajaa, mvua yote inayofuata huteremkia mtoni mara moja, na kivuko ulichovuka kwa mawe asubuhi kinaweza kuwa hakipitiki mchana. Usivuke mto wowote ambao huna uhakika wa kuuvuka tena wakati wa kurudi. Na maji hayo usiyanywe bila kuyachemsha. Juu huko kuna kondoo wazima na waliokufa.

Njia ya pili: Princetown hadi mawe ya Merrivale (mshiko: reli ya zamani)

Hii ndiyo ningempeleka mtu mwenye siku moja tu. Ni kama kilomita 11, mwinuko ni mdogo, na robo tatu ya njia huwezi kupotea hata ukitaka.

Princetown ni mji mdogo wa kijivu uliozaliwa na gereza. Gereza hilo lilifunguliwa mwaka 1809 kuwaweka mateka wa vita wa Kifaransa, na baadaye Wamarekani. Kuta zake utaziona nyuma ya mji. Usikae sana, anza safari.

1. Egesha kwenye maegesho ya mji, yenye vyoo. Ulizia njia ya reli ya zamani. Mtu yeyote atakuonyesha. Reli ilifungwa mwaka 1956, vyuma viling'olewa, likabaki tuta la changarawe linaloelekea magharibi, pana kiasi cha watu watatu kutembea bega kwa bega.

2. Baada ya kilomita mbili na ushei utaona upande wa kulia magofu na machimbo ya mawe ya Foggintor. Chepuka dakika 10. Ndani kuna bwawa lililotulia katikati ya kuta za itale, limekingwa na upepo, na hapo ndipo pa kunywea chai. Itale ya hapa ilisafirishwa hadi London, na inasemekana nguzo ya Nelson pale Trafalgar Square ilijengwa kwayo.

3. Rudi kwenye tuta, endelea hadi linapokizunguka kilima cha King's Tor. Ukilifuata hadi upande wa pili, penye machimbo ya Swelltor, utakuta kando ya njia mawe 12 yaliyochongwa kwa ustadi, yamelala kwenye nyasi. Yalichongwa kwa ajili ya upanuzi wa daraja la London mwaka 1903 na hayakuwahi kuondoka. Mimi hupenda kuyaona hayo kabla ya kufika Merrivale, ili niwe na mawe mawili ya kulinganisha: yaliyoachwa na fundi wa juzi, na yaliyoachwa na fundi wa kale.

4. Rudi upande wa kaskazini wa King's Tor, utazame ng'ambo. Kama kilomita moja mbele, kabla ya barabara kuu, ndiko yaliko mawe ya Merrivale. Hapa unaacha mshiko kwa mara ya kwanza, kwa hiyo weka dira kaskazini kabla hujashuka. Katikati kuna kijito na ardhi yenye majimaji. Mara yangu ya kwanza nilikata moja kwa moja kwa sababu palikuwa na kijani kizuri, laini kama zulia. Mguu wa kulia ulizama hadi pajani, na buti ilibaki chini dakika tano nzima. Zunguka.

5. Sasa umefika, na huenda usijue kama umefika. Nilipomleta shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alisimama, akatazama huku na huku, akaniambia, "Mwanangu, ndiyo mawe haya umeniamsha saa kumi alfajiri?" Alikuwa na haki. Mawe mengi ya mistari hayafiki gotini. Anayetarajia mawe makubwa kama ya Stonehenge atayapita akidhani ni ukuta uliobomoka.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda hadi mwisho wa mashariki wa mstari wa kaskazini, penye jiwe linalofunga njia, uchutame macho yakiwa karibu na nyasi, utazame magharibi. Mara moja yanajipanga. Ni mistari pacha, mawe mawili mawili, na inakwenda kwa zaidi ya mita 180. Sambamba nayo, ng'ambo ya mfereji mdogo wa maji, kuna mistari mingine pacha mirefu zaidi, kama mita 260. Tembea taratibu kando ya huo wa kusini. Katikati yake kuna duara dogo la mawe lililokuwa kaburi, na karibu na hapo sanduku la mawe ambalo kifuniko chake kimekatwa kipande katikati. Waliokikata ni mafundi wa karne ya 19, waliotaka nguzo ya lango.

Endelea kusini-magharibi kidogo utaona duara la mawe na, peke yake, jiwe lililosimama lenye urefu wa mita 3 hivi. Hapo shangazi alinyamaza, akaliwekea mkono.

Mistari hiyo ilikuwa ya kazi gani? Wataalamu wamependekeza njia ya ibada, kumbukumbu ya wafu, kalenda ya jua, na hawajakubaliana. Akitokea mtu akakueleza kwa uhakika, mpe tende. Masimulizi ya baadaye ni rahisi zaidi kuyashika: inasimuliwa kwamba tauni ilipoikumba Tavistock mwaka 1625, wakulima waliweka chakula kwenye mawe haya, wenye mji wakaja kukichukua na kuacha pesa, bila watu kugusana. Ukienda asubuhi au jioni, jua likiwa chini, kila kijiwe hutupa kivuli na mistari huonekana mara mbili. Saa sita mchana usijisumbue.

6. Kurudi, fuata mistari mashariki hadi maegesho ya Four Winds kando ya barabara. Kutoka hapo njia ya magari inashuka kusini kupitia shamba la Yellowmeade hadi Foggintor, na kutoka Foggintor tuta la reli linakurudisha Princetown. Umeushika tena.

Njia ya tatu: Grimspound (mshiko: ukuta, na njia iliyokanyagwa)

Ni fupi kuliko zote, lakini nimeiweka mwisho kwa sababu iko wazi kwa upepo na mshiko wake ni mwembamba. Egesha kando ya barabara nyembamba inayotoka B3212 kuelekea Widecombe, panda ngazi za mawe upande wa mashariki, na baada ya dakika 10 unaingia kijijini. Ni ukuta wa mviringo wenye kipenyo cha mita kama 150, na ndani yake misingi ya nyumba 24 za zama za shaba nyeusi. Pita kwenye lango la kusini-mashariki, ambalo bado limesakafiwa kwa mawe, kisha tafuta nyumba yenye kibaraza kilichojikunja kukwepa upepo. Aliyefika Thimlich Ohinga kule Migori atatambua fikra ileile: ukuta usio na udongo wala saruji, mifugo ndani, jirani nje. Ule wa Migori ni wa juzi kwa kulinganisha, na umesimama vizuri zaidi.

Kukiwa kweupe, panda Hookney Tor kaskazini ili uuone mviringo wote kwa mara moja, kisha rudi upite kijijini na upande Hameldown Tor, mita 529. Kukiwa na ukungu, zunguka ukuta kwa ndani, urudi kwenye gari. Baada ya hapo nenda ukajikaushe Warren House Inn kwenye B3212. Wenyewe husema moto wa mle haujazimika tangu 1845.

Kuisoma ardhi

Rangi zitakusaidia kuliko dira. Kijani kinachong'aa, laini, kisicho na nyasi ndefu, ni kinamasi. Vishungi vyeupe kama pamba vinavyopepea vinasema chini ni maji. Kangaga na vichaka vya miiba yenye maua ya njano hupenda ardhi isiyotuamisha maji, kwa hiyo pita hapo. Ukizama, usipige mateke. Lala mbele, tandaza mikono, jivute kuelekea ulikotoka.

Ukungu ukifunga

Simama. Vaa nguo za akiba kabla hujahisi baridi. Jiulize mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika napo, kisha tazama ramani mshiko wa karibu uko upande gani, weka dira, uende hadi uukanyage. Usigawane na wenzako, na usifuate njia za kondoo. Kondoo hana haja ya kufika Princetown.

Mkikwama kweli, piga 999, omba polisi, kisha uwaombe waokoaji wa milimani. Ni watu wa kujitolea na hawatozi. Mtandao ukiwa hafifu, ujumbe mfupi unaweza kupita pale simu inaposhindwa, lakini sharti uwe umejisajili kabla: tuma neno "register" kwenda 999 ukiwa bado nyumbani. Filimbi hupulizwa mara sita ndani ya dakika moja, unapumzika dakika moja, unarudia. Ukisikia mara tatu, umejibiwa.

Ukirudi

Nyoka mwenye sumu nchini humo ni mmoja tu, jamaa mdogo wa kifutu wetu, na hukimbia. Anayesumbua ni kupe, anayengoja kwenye kangaga kuanzia majira ya kuchipua. Vua nguo zote bafuni, tazama nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni na, kwa watoto, kwenye nywele na nyuma ya masikio. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute polepole moja kwa moja bila kumminya. Usimpake mafuta wala kumchoma kwa kiberiti kama tulivyofundishwa utotoni. Andika tarehe kwenye kalenda. Wiki zinazofuata ukiona duara jekundu linalopanuka, au homa isiyoeleweka, nenda kwa daktari na umtajie kupe na tarehe hiyo.